Harufu Aliyoibeba Inzi

Mbawakawa aliishi ndani ya shimo la sisimizi na kuwala watoto wao. Askari walimpisha tu, maana mgongo wake ulinuka kama wa ndugu. Ila chini ya mabawa alikuwa na harufu yake mwenyewe.

Malkia akamwita Inzi, aliyewahi kuwaletea maradhi kwa kuingia kila mahali bila hodi.

“Safari hii nawa miguu kwanza,” akamwambia. “Kisha ichukue harufu ile, umpake kila askari puani, wajue kuwa mwenye nayo ni adui.”

Yaya mkongwe akasema, “Malkia, hata mimi ninayo. Nilimlea akiwa buu, nikidhani ni wetu.”

Malkia akainama. “Basi ondoka, bibi, kabla hawajafundishwa.”

“Na watoto atawalisha nani?”

Inzi akaifanya kazi yake vizuri. Askari wakamrarua Mbawakawa, kisha wakanusa tena, wakaelekea chumba cha watoto.

Yaya aliwaona mlangoni. Akawaita mmoja mmoja kwa majina aliyowapa utotoni.

Lakini Inzi alikuwa amewafundisha harufu tu.