Faili Lisiloguswa

Injini ya studio ile, yaani programu inayoendesha michezo yake ya kompyuta, ilikuwa imeandikwa upya mara sita, na mara zote faili moja la zamani halikuguswa. Sasa ndilo lililokuwa likiikwamisha, na wanunuzi wa studio walikuwa wameshafika mapokezi.

“Nilifute?” aliuliza Rukia, kidole juu ya kitufe.

“Futa,” alisema Shomari, aliyeiandika injini hiyo tangu mwanzo.

Rukia akabonyeza. Mchezo ukafunguka, mwepesi kuliko siku zote, na wenzao chumbani wakashangilia.

Shomari alikuwa ameukodolea macho ua ulio pembeni mwa skrini, ambao bibi kizee mmoja huufagia katika kila mchezo wao.

“Yule bibi alikuwa mama yangu,” alisema.

Rukia akatazama. Uani hapakuwa tena na mtu. Ufagio ulikuwa umeegemea ukuta, na majani yalikuwa yameanza kudondoka.