Tundu la Fundi Mbwera

Fundi Mbwera alipong'oa sakafu ya boti ya Bi Sikudhani, sponji ngumu ya chini, ile inayosaidia boti kuelea, ilikuwa chepechepe. Ndiyo maana boti ilizidi uzito, nusura izame na mjamzito aliyekuwa akivushwa mto kwenda hospitali.

Na sakafu ile aliipiga Mbwera mwenyewe, akajisifu kwamba hakuacha hata upenyo wa sindano.

Aliianika boti siku tisa, akaweka sponji mpya, akapiga mbao mpya. Kisha akachukua keekee, akaanza kutoboa nyuma, chini kabisa.

"Ala! Fundi, unanitobolea boti?" Bi Sikudhani alimaka.

Mbwera hakumtazama. "Nilikosea, mama. Maji hayakosi pa kuingilia. Mimi niliyanyima pa kutokea." Akamkabidhi kizibo cha mpira. "Ukiingia mtoni, ziba. Ukirudi nchi kavu, zibua."

Alasiri mvua ikanyesha, ikakatika. Wawili hao wakachuchumaa nyuma ya boti, macho kwenye tundu. Tone likadondoka. Kisha jingine. Kisha maji yakachuruzika.

Ng'ambo ya mto, mtu alikuwa akipunga kanga, akiita avushwe.