Alama ya Dole Gumba

Bamba la kujaribia rangi ya vyombo vya anga lilirudi kutoka angani baada ya miaka mingi, rangi yake nyeupe imegeuka manjano kama jino la mla tumbaku. Vumbi la huko juu lilikuwa limelitoboa vitundu vidogo vidogo. Sikudhani, aliyekuwa akiliandaa kwa vipimo vya maabara, aliliinamia akaona alama ya dole gumba kwenye kona. Jua lilikuwa limeibabua ikawa kahawia, na kovu liliikata katikati.

Kovu lile alilijua. Lilikuwa la mumewe, Makame, aliyelipaka bamba rangi kwa mikono mitupu kwa sababu glavu zilimkera. "Kidole kimoja kitalifanya nini?" alizoea kusema. Baadaye mafuriko yalimchukua, na mwili haukupatikana. Eda ilipokwisha, nguo zake zilitolewa sadaka.

"Ikwangue, shemeji," alisema Ngwali, mkuu wa maabara. "Ni mafuta ya mkono yaliyoungua. Yataharibu kipimo."

"Nikatie kona hii tu, Ngwali. Huyu ni Makame."

Ngwali alilitazama bamba, kisha akaitazama sakafu. "Halikatiki. Na lingine hatuna."

Sikudhani alikwangua mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Chini ya alama rangi ilikuwa nyeupe pe, kama siku ile ilipopakwa. Unga wa kahawia ulimdondokea kiganjani.

Ngwali alimsogezea pipa la taka. Sikudhani alisimama, kiganja wazi, amebana pumzi asije akampeperusha.