Miwa ya Mistari ya Bi Nungunungu

Sikilizeni niwachekeshe. Bi Nungunungu alikuwa na miwa yenye mistari ya zambarau, isiyopatikana kwingine, na ramu, pombe kali aliyoitengeneza kwa miwa hiyo, ilinukia mpaka ng'ambo ya mto. Ngiri, jirani yake wa kilimani, alikuwa akiiba miwa hiyo kila wiki. Alifyonza utamu, akatupa mafundo jalalani kwa kuwa yalimuumiza meno.

Masika yale mto ukafurika, ukazoa shamba zima. Hakikubaki hata kipande cha mbegu. Bi Nungunungu akakimbilia kilimani akilia, maana bila mbegu ramu imekwisha. Kwenye jalala la Ngiri akaduwaa: mafundo yalikuwa yamechipua, mistari ile ile!

Ngiri akapiga magoti. "Dada, usinitangaze! Shetani tu alinipitia!"

"Shetani gani? Mwizi wangu wee! Ungekuwa mwaminifu, leo ningepanda nini?"

"Kwa hiyo hunipigi?"

"Nikupige? Njoo nikukumbatie!"

Akamkumbatia kwa moyo wote, na kwa miiba yote.

Mpaka leo, Ngiri hupelekewa chupa ya kwanza ya ramu pamoja na shukrani. Naye huipokelea dirishani.