Fomu Haina Kosa

Vioo vya sampuli vilirudi kutoka maabara kwa mara ya pili, vimekauka kabisa, vikiwa na kikaratasi: "Fomu ina kosa. Sahihisha, ulete sampuli mpya." Palipokosewa walikuwa wamepazungushia wino mwekundu.

Muuguzi alipatazama, akasonya. Fomu ile aliijaza kwa mkono wake, na yeye si mtu wa kubahatisha.

Nyuma ya pazia, mgonjwa wake aliketi kitandani amejifunika shuka mpaka shingoni. Wiki ya tatu sasa titi lake la kushoto lilikuwa likitoa majimaji yenye damu.

"Mama yangu alianza hivihivi, sista. Tone moja kwenye nguo. Mwaka haukuisha tukamzika." Akakaza shuka shingoni. "Leo wasiponipima, sirudi tena. Na wakijua kazini, nimekwisha."

"Hawatajua. Na leo utapimwa, wapende wasipende."

Aliandika jina kwenye vioo kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti. Akavaa glavu, akasafisha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, akakamua taratibu kwa vidole viwili, kutoka pembeni kuja katikati. Hakikutoka kitu. Akarudia, mgonjwa akauma meno. Mara ya tatu likachungulia tone jekundujekundu, dogo kama kichwa cha pini. Akaligusisha kioo, akalitandaza kwa kioo cha pili, akavitumbukiza vyote kwenye spiriti papo hapo. Alijaribu kupata tone jingine, wapi. Hilo ndilo walilokuwa nalo, basi.

Simu ya ukutani kwenye korido ikalia. Alikuwa mkuu wa maabara.

"Sista, umesahihisha?"

"Hakuna cha kusahihisha."

"Kosa lile hata mtoto wa chekechea analiona. Badilisha hapo tu, yaishe."

"Sibadilishi. Njoo uone mwenyewe."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Naongea na mtu aliyeacha sampuli zangu zikauke mara mbili."

Foleni ya kina mama kwenye korido ikageuka kumsikiliza. Muuguzi angeweza kuumaliza ubishi ule kwa sentensi moja. Lakini masikio yote yalikuwa yamemwelekea yeye, na siri ya mgonjwa haikuwa yake kuitangaza.

"Nakuja," alisema mkuu. "Na barua yako ya onyo nitaiandikia hapohapo mezani kwako."

"Kalamu ipo."

Alikuja kweli, amefura, akapita moja kwa moja hadi ndani na kuinyakua fomu mezani.

"Miaka ishirini nasoma fomu za matiti," alisema, akigonga kidole kwenye ule wino mwekundu. "Miaka ishirini! Sijaona upuuzi kama huu."

Muuguzi alifunga mlango kwanza. Akachungulia nyuma ya pazia, akanong'ona kuomba ruhusa, akakubaliwa. Ndipo akalivuta pazia lote mpaka mwisho.

Dereva wa lori akashusha shuka hadi kiunoni, akajikuna ndevu, akamtazama mkuu wa maabara usoni.

"Haya, daktari," alisema kwa sauti yake nzito. "Hapo kwenye jinsia ulitaka niandikwe nani?"