Kiti cha Mzee Shebe

Siku hizi Utabiri wa Ligi ukitoka, msimu umekwisha. Unataja matokeo ya kila mechi na kila kiti kitakachokaliwa, na haujawahi kukosea hata bao moja. Watu huenda uwanjani kwa mazoea tu, kama waendao hitimani.

Bi Rukia, shabiki wa Mwewe, alikuwa akimsomea mumewe, Mzee Shebe wa Nyuki, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka. Kwa miaka arobaini utani ndio uliokuwa chumvi ya nyumba yao.

"Nyuki bingwa," alisoma kwa uchovu.

"Si nilikwambia! Na mechi ya watani?"

"Raundi ya kumi na nne. Mtatufunga tatu bila."

Akateremsha macho hadi kwenye viti. Cha mumewe, ambaye hata homa haikuwahi kumzuia kwenda uwanjani, kiliandikwa kitupu kuanzia raundi ya kumi na moja hadi mwisho.

Akaikunja karatasi, akammiminia chai.

"Hongereni," alisema.

Tangu waoane hakuwahi kumwambia neno hilo. Mzee Shebe akaacha kucheka.

"Mama Saida, tumewafunga tatu, nawe unanipongeza?" Akakisogeza kikombe kando. "Hebu nisomee na kiti changu."