Godoro Linaloyumba

Mama alijilaza upande wa kushoto wa godoro la nne, viatu mkononi, akafumba macho.

"Sasa keti huku kulia," alimwambia muuzaji. "Halafu inuka polepole."

Muuzaji aliketi, akainuka. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na sita katika duka lile la magodoro na hajawahi kuona mteja wa namna hii.

"Sijasikia kitu," mama akasema. Hakufurahi.

"Ndiyo sifa yake! Sponji nzito hii, inabonyea taratibu, inakukumbatia. Hata tembo akijigeuza hapa, wewe unaota tu."

"Na lile?"

"Lile la mpira. Halishiki joto, na litadumu mpaka wajukuu wako wapate wajukuu."

Wakalijaribu. Mama akatikisa kichwa.

"Kwani baba watoto anahangaika usingizini?"

"Zamani, ee. Alikuwa akijirusha kama samaki nchi kavu. Nilikuwa namgombeza, nahamia sebuleni na mto wangu." Akalipapasa godoro. "Watoto wameoa, wameolewa, kila mtu kwake. Nyumba imekuwa kubwa mno."

Muuzaji akashusha sauti. Wajane aliwahudumia wengi.

"Pole sana, mama. Basi chukua dogo, la futi tatu na nusu. Linatosha mtu mmoja."

"La futi sita," mama akamkata kauli.

Aliomba alaziwe chini lile jepesi lililoegemezwa ukutani, la sponji hafifu, ambalo hununuliwa na wanafunzi wa bweni. Akajilaza. Muuzaji alipoweka kiganja tu, mwili wa mama wote ukayumba.

Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hili."

"Mama, nisikudanganye. Hili mtu akikohoa upande wa pili, wewe unaruka."

"Nifungie."

Alasiri ile muuzaji alilipeleka mwenyewe, roho ikimsuta. Mama akamfungulia mlango wa chumbani. Kitandani alilala mwanamume, chali, macho wazi yakitazama dari, mrija mwembamba ukiingia puani.

"Shikamoo, mzee," muuzaji akasema.

Macho yale yakabaki darini.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia kwa niaba ya mumewe, kama alivyozoea kwa miezi minane. Akamfunika miguu vizuri. "Daktari anasema ipo siku huenda akajitikisa. Sitaki inipite nimelala."